Bonanza limeisha kwa mawe: tuendelee au tuache?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika kijiji jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na jioni nanoa vijana wa kijiji. Hivi karibuni tuliandaa bonanza la siku moja la ujirani mwema, maana kulikuwa na ugomvi wa kuni na shutuma za wizi wa mahindi shambani. Zilicheza timu tatu: ya kijiji, ya Wakongomani na ya Warundi. Fainali, kijiji na Warundi, ilivunjika baada ya penalti ya dakika za mwisho. Mawe yakarushwa, kijana mmoja akapasuka kichwa. Sasa wazee wa kijiji wanasema mpira ndio umeleta chuki. Upande mwingine kuna mfadhili anataka tuandae kombe kubwa zaidi, zawadi ng'ombe. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba mwalimu, na poleni kwa yaliyowakuta.

Nianze na huyo kijana aliyepasuka kichwa. Kama hamjaenda kumjulia hali, nendeni wiki hii, na msiende mmoja mmoja. Aende mwakilishi wa kijiji, wa Wakongomani na wa Warundi kwa pamoja, mketi mkeka mmoja na wazazi wake. Gharama za matibabu zitoke kwenye mfuko wa bonanza. Mkizitupia upande mmoja mtakuwa mmeshatoa hukumu bila kesi. Hilo likitulia ndipo mrudi uwanjani.

Wazee wenu wana haki nusu. Chuki haikuletwa na mpira, ilikuwepo tayari porini kwenye kuni na shambani kwenye mahindi. Ila nyinyi mliichukua mkaivalisha jezi, mkaanza kuihesabia mabao mbele ya umati. Timu ikishaitwa ya kijiji, nyingine ya Warundi, mtazamaji anajua wa kwao na asiye wa kwao hata kabla filimbi haijalia. Penalti yenye utata kwenye mechi ya namna hiyo haibaki kuwa kosa la refa. Inageuka "wanatuonea", na maneno hayo tangu zamani ndiyo yanayookotesha watu mawe.

Wataalamu wa saikolojia waliliona hili zamani. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana kwenye kambi ya likizo, wakawagawa makundi mawili yasiyojuana, kisha wakayashindanisha: besiboli, kuvuta kamba, na zawadi kwa washindi tu. Haikuchukua muda wakaanza kutukanana, kuchomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Na hao walikuwa watoto wa nchi moja, rangi moja, dini moja, wasio na kisa chochote kati yao. Kilichowarudisha pamoja si mechi ya kirafiki. Watafiti waliwaundia shida zisizotatulika na kundi moja peke yake, kwa mfano maji ya kambi kukatika, ikabidi wote waende kutafuta tatizo liko wapi.

Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, aliandika masharti ya watu wanaobaguana kukutana na wakatoka na heri: wawe na hadhi sawa wanapokutana, walenge jambo moja, walifanye kwa kushirikiana, na viongozi wao waonekane wameliunga mkono. Lipime bonanza lenu kwa hayo manne. Nasikia kutoka huku nilipo kwamba yaliyotimia ni machache.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msiache, ila vunjeni timu zenu zote tatu. Muha, Mkongomani na Mrundi wavae jezi moja, wapigiane pasi, wafungwe pamoja na wanune pamoja.

Hili nalo limepimwa, na mahali penye damu mbichi kuliko hapo kwenu. Kaskazini mwa Iraki, baada ya kundi la ISIS kufurushwa, mtafiti Salma Mousa aliandaa ligi za mpira za Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao. Kwa bahati nasibu, baadhi ya timu ziliongezewa wachezaji Waislamu na nyingine ziliongezewa Wakristo wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science. Wakristo waliocheza na Waislamu timu moja walikuwa tayari zaidi kujiandikisha kwenye timu mchanganyiko msimu uliofuata, kumpigia kura Mwislamu wa timu nyingine kuwa mchezaji mwenye nidhamu, na hata miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu.

Nusu ya pili ya matokeo hayo huwa haisimuliwi kwenye semina. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko yalikuwa hafifu. Kijana aliyempenda winga wake Mwislamu hakuwa mwepesi zaidi kwenda kula kwenye mgahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi. Urafiki ulibaki na watu aliocheza nao. Kwa hiyo mfadhili akikwambia kombe moja litaleta amani Kasulu nzima, mkatalie kwa adabu. Ligi ya timu mchanganyiko itakupa vijana wanaofahamiana kwa majina, na ni mtaji mkubwa, lakini kuutoa mtaji huo uwanjani kuufikisha porini kwenye kuni ni kazi nyingine. Nitaigusa mbele kidogo.

Mnachanganyaje? Usiwaambie vijana "jigawanyeni". Watajigawa kwa lugha. Usimpe nahodha nafasi ya kuchagua pia, atachagua ndugu zake. Tumieni kura ya vikaratasi, kila kundi na kapu lake: kila timu ivute wawili au watatu kutoka kapu la kijiji, la Wakongomani na la Warundi. Orodha ibandikwe siku hiyohiyo. Mnajua ndondo zetu zilivyo, mkichelewesha orodha hadi kesho mamluki watakuwa wameshaingia.

Majina ya timu yasiwe ya nchi wala ya vijiji. Hapa Watanzania tuna bahati moja ambayo wataalamu wa nje hawaijui: Simba na Yanga. Ukiingia Nyarugusu utakuta Mkongomani wa Yanga na Mkongomani wa Simba, Mrundi vivyo hivyo, na kijijini Makere, jirani na kambi, kadhalika. Ushabiki huo unakatiza mipaka ya kabila na ya kambi. Msimu wa 2022/23 wafungaji bora wa Ligi Kuu yetu walikuwa wawili, mabao 17 kila mmoja: Fiston Mayele wa Yanga, Mkongomani, na Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyeuanza msimu Geita Gold akaumalizia Simba. Kijana wa Kiha aliyekuwa akilitaja jina la Mayele siku nzima alikuwa anamshangilia mtu wa nchi wanakotoka majirani zake. Siku ya kwanza ya mazoezi gawa kikosi kwa ushabiki, Simba huku na Yanga kule, uone watu watakavyojikuta wamesimama na ambao hawakutarajia. Ifanye kwenye mazoezi tu. Kwenye ligi yenyewe utani wa Simba na Yanga nao unaweza kuchachuka.

Hadhi sawa uwanjani inaanzia miguuni. Kama wa kijiji wana njumu na wa kambini wanacheza pekupeku, basi wote wacheze pekupeku mpaka viatu vipatikane vya wote. Msiseme ni jambo dogo. Kijana aliyekanyagwa vidole na njumu ya mwenzake haoni mchezo, anaona dharau. Lugha pia. Kiha na Kirundi vinasikilizana sana, na Wakongomani wanatumia Kiswahili chao cha Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo maelekezo yatoke kwa Kiswahili na Kirundi, asiachwe mtu anabahatisha sheria. Ubaya wa Kiha na Kirundi kusikilizana ni kwamba matusi nayo yanafika bila mkalimani.

Kuhusu penalti na refa, upo utaratibu ninaoupenda, uliozaliwa Medellín, Kolombia. Beki Andrés Escobar alijifunga kwenye Kombe la Dunia la 1994, akarudi nyumbani, akapigwa risasi akafa. Kutokana na machungu hayo, Mjerumani Jürgen Griesbeck, aliyekuwa anaishi huko, alianzisha mashindano ya mtaani ambayo leo yanachezwa nchi nyingi. Mechi ina sehemu tatu. Kwanza timu zote zinakaa duara moja na kukubaliana kanuni za siku hiyo. Kisha zinacheza bila refa, yupo msuluhishi pembeni wa kuangalia na kuandika tu. Mwisho zinarudi kwenye duara kuulizana kama makubaliano yamefuatwa, na kupeana pointi za uungwana zinazojumlishwa na za mabao. Timu inaweza kufunga mabao mengi na bado ikakosa kombe.

Nikuonyeshe inavyokwenda kwa vitendo, maana kwenye karatasi inaonekana kama mchezo wa chekechea. Mnakaa chini. Msuluhishi anauliza: leo tunakubaliana nini? Kijana mmoja anasema, mpira ukigusa mkono aliyegusa aseme mwenyewe. Mwingine anasema, ukimwangusha mtu umnyanyue. Wa tatu, na huyu hakosekani, anasema asitukanwe mama wa mtu. Msuluhishi anaandika hayo matatu. Mechi inachezwa. Halafu kwenye duara la mwisho inakuja dakika ngumu: "Namba nane, mpira uligusa mkono wako." Kimya. Namba nane anaangalia chini, wenzake wa timu wanamwangalia yeye. Akikubali, timu yake inapata pointi. Akikana, wenzake wenyewe ndio watakaomsema njiani. Kijana wa miaka kumi na mitano akishazoea kuulizwa jambo mbele za watu na kulijibu bila ngumi, umempa kitu asichokipata kwenye ndondo ya kawaida.

Mtapata upinzani wa vijana wakubwa wanaoona mpira bila refa si mpira. Kwao wekeni refa, lakini duara la mwanzo na la mwisho libaki. Waamuzi wawe wawili au watatu wa mchanganyiko, na msichukue refa wa kijiji kimoja kuchezesha mechi ya kijiji hichohicho, hata awe malaika.

Punguza ukubwa wa mechi. Wachezaji saba kila upande, vipindi vifupi vya robo saa, mechi nyingi ndogo kwa jioni moja. Kwanza, fainali moja yenye watazamaji wengi ndiyo inayolipuka. Mechi sita ndogo hazina kilele cha kugombania. Pili, ni tumbo. Mgao wa chakula kambini umekatwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na kumkimbiza dakika tisini mtoto aliyekula mlo mmoja ni ukatili. Kama mfadhili ana hela za ng'ombe, azigeuze uji wa sukari, mipira, nyavu na sanduku la huduma ya kwanza. Zawadi ya ng'ombe pale watu wana njaa inageuza mchezo kuwa kugombania riziki, na kwenye riziki hakuna anayekubali kushindwa kwa penalti.

Kazi ya pamoja itangulie mechi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimejulikana kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Nanyi mna uwanja wa kufyeka, magoli ya kusimamisha, mashimo ya kufukia. Timu mchanganyiko isiyoshika jembe isipangiwe mechi.

Wasichana usiwaache kwenye kushangilia. Netiboli inafaa, na rede inafaa zaidi kwa kuanzia, kwa sababu kila mtoto wa kike anaijua au anaishika kwa jioni moja, na soksi iliyojazwa matambara inatosha. Tatizo lao halisi ni saa. Jioni ndiyo saa ya maji na kupika. Waulize wenyewe na mama zao wanaweza lini, na uwanja uwe karibu na njia inayopitika na watu, warudi nyumbani jua likingali juu, pamoja na mlezi wa kike. Nao vijana wakubwa wenye joto la kulipiza fainali ile wawekee voliboli kwa miezi michache. Wavu ukiwa katikati, rafu ya miguu haipo.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu wa Kitanzania hawezi kulihisi mwenyewe. Sisi tumekulia kwenye mchakamchaka: alfajiri, mistari, nyimbo, vumbi. Kwetu ni kumbukumbu tamu ya shule. Kwa Mrundi aliyekimbia mwaka 2015, kundi la vijana wanaokimbia kwa mistari huku wakiimba linaweza kumaanisha jambo jingine kabisa. Vijana wa Imbonerakure, jumuiya ya chama tawala cha kwao, walijulikana kwa kupita mitaani hivyohivyo, na Machi 2014 serikali ya huko ilizuia watu kukimbia mazoezi kwa makundi mitaani, kwa kuyaona kama siasa. Mpira wenyewe ulikuwa ikulu: hayati Rais Pierre Nkurunziza, ambaye muhula wake wa tatu ndio uliowasha moto wa 2015, alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya vita, na akiwa Rais alisakata kabumbu na timu yake, Haleluya FC, nchi nzima. Mwaka 2018 vyombo vya habari viliripoti kwamba viongozi wawili wa Kiremba walitiwa ndani baada ya mechi ambayo Rais alichezewa rafu, na waliomchezea walikuwa wakimbizi wa Kikongomani wasiomjua.

Ukishayajua hayo, mambo mengi unayaacha bila kuambiwa. Mazoezi yasiwe ya mistari na nyimbo za kijeshi. Fulana zisiwe za chama chochote, cha huku wala cha kule, na mgeni rasmi asipewe kipaza sauti cha siasa. Wazazi waalikwe kuona mazoezi tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtu mzima anayekusanya vijana wa kiume kambini huulizwa anawakusanyia nini, na ni haki yao kuuliza. Ukiona mtoto anashtuka au kuganda kila filimbi inapolia, msimamie kwa makofi badala ya filimbi, na ongea na wahudumu wa ushauri nasaha wa kambini. Usimwombe asimulie yaliyompata.

Vibali navyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali kutoka nje ya kambi, na wewe pia huingii kambini bila ruhusa. Kila mazoezi yapite kwa mkuu wa makazi, kwa maandishi, yakiwa na majina na saa. Asitoke kijana hata mmoja kwa ahadi ya mdomo. Akikamatwa njiani akija kucheza kwako, wewe ndiye utakayekuwa umemponza. Uwanja ulio ndani ya kambi utawarahisishia, ingawa wa kijiji watanung'unika mwanzoni.

Sasa kuni, ambako ugomvi wenyewe uko. Kila timu iwe na wazazi walezi, mmoja wa kijiji na mmoja wa kambi, watu wazima wanaosikilizwa, na wawe wanahudhuria duara la mwisho. Kwa nini? Siku mwanamke akinyang'anywa mzigo wa kuni porini, au mahindi yakikutwa yamevunjwa, pawepo mtu wa kijiji anayemjua mtu wa kambi kwa jina na aweze kumtafuta kabla habari haijafika kwa vijana. Hawatazifanya kuni ziongezeke. Hilo ni la viongozi wa kijiji, uongozi wa kambi na mashirika, na lazima mlisukume huko bila kulifunika kwa nderemo za mpira. Walezi hao watakachowapa ni muda, kati ya tukio na kisasi. Kuupima mradi wako, usihesabu mabao wala watazamaji. Angalia nani anakaa na nani wakati wa maji, na uwaulize walezi mwezi huu wametafutana mara ngapi.

Vijana watakutajia Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma mwaka 2006 kwa wazazi wa Kirundi waliokimbia vita, akakulia Australia, akafika Bayern Munich na timu ya taifa ya Australia. Habari ni ya kweli na waache waifurahie. Ila usiwauzie. Alipelekwa Australia angali mchanga, na mlango huo haufunguliwi na uwanja wa mazoezi. Yeyote atakayekuja na maneno ya kuwafanyia vijana majaribio mjini kwa malipo, mpeleke kwa uongozi wa kambi siku hiyohiyo.

Mwisho, jipange kwa kuondokewa. Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao tangu Septemba 2017, Wakongomani wengi wamehamishiwa Marekani na kwingineko, na beki wako anaweza kuaga Jumanne asionekane Jumamosi. Fanyeni misimu mifupi ya wiki sita hadi nane, na kila msimu mpya kura ipigwe upya. Kila msuluhishi awe na msaidizi wa kundi jingine anayejifunza pembeni yake tangu siku ya kwanza, na daftari la makubaliano litunzwe na wawili hao, lisibaki kwa mtu mmoja.